Jenasi mpya ya inzi vimelea: maswali mnayoniuliza kila siku na majibu yake

Maswali haya yanakuja kila mara kwa hiyo nimeamua niyajibu yote sehemu moja. Mfano ntakaoutumia sana ni inzi wa Brazil anayeitwa Megapropodiphora arnoldi, jenasi yake ilitangazwa 2018, na nimemchagua yeye sababu kila swali gumu mnalouliza linamgusa: ni mdogo mno, amepatikana mmoja tu, hakuna mtu aliyemshuhudia akiishi maisha yake, na bado kapewa jenasi ya peke yake. Panapofaa ntarudi kwetu Kenya na Tanzania maana na sisi tuna mambo yetu kwenye hii habari.

Inzi kimelea ndo yupi? Si inzi wote ni wale wa jalalani tu?

Hapana kabisa. Inzi kwa wataalamu ni kundi zima la wadudu wenye mabawa mawili, Diptera, mbu yumo, mbung'o yumo, inzi wa matunda yumo, na spishi zenye majina tayari zimepita 150,000. Ndani ya hao wapo ambao buu wao anakulia ndani au juu ya mnyama mwingine aliye hai. Huyo anayeliwa tunamwita mwenyeji.

Wapo wasiomuua mwenyeji, kama inzi wa popo ambao wanaishi kwenye manyoya ya popo wananyonya damu basi. Inzi wa maembe, Cordylobia anthropophaga, nadhani wengi mnamjua, anataga kwenye mchanga au kwenye nguo zenye unyevu, buu anaingia kwenye ngozi ya mtu au mbwa anatengeneza jipu, ndo maana bibi zetu wanasisitiza nguo zilizoanikwa nje zipigwe pasi mpaka kwenye mishono. (Tekenya wa miguuni sio inzi, yule ni kiroboto, naomba tusichanganye.)

Halafu kuna wale ambao lazima mwenyeji afe, hao wanaitwa parasitoidi na ndo ninaowapenda zaidi. Familia kubwa kuliko zote hapo ni Tachinidae, ina spishi zaidi ya 8,500 na jenasi karibu 1,500, na wengi wao wanashambulia viwavi. Mama anabandika yai mgongoni kwa kiwavi, au anataga kwenye jani ili kiwavi ameze mwenyewe, buu akiingia anakula ndani kwa ndani huku kiwavi bado anatembea na kula majani. Kuna mmoja wa Marekani anaitwa Ormia ochracea, yeye anawatafuta nyenje usiku kwa kusikiliza wanavyoimba, ana masikio kifuani yanayojua sauti inatoka upande gani, mimi kila nikilisoma hilo nasisimka upya.

Afu kuna Phoridae, inzi wadogo wenye mgongo kama wa nundu wanaokimbia kimbia badala ya kuruka. Spishi zenye majina ni zaidi ya 4,000. Humo kuna jenasi Pseudacteon, mama anamchoma sisimizi kwa sekunde moja na kuacha yai, buu anahamia kichwani kwa sisimizi, anakula kilichomo, kichwa kinadondoka, na yeye anageuka pupa (hatua ya kati ya buu na inzi kamili) humo humo ndani ya kichwa. Marekani wamekuwa wakiwaachia inzi hawa kutoka Amerika Kusini tangu miaka ya 1990 ili kupambana na sisimizi wa moto waliovamia kwao. Megapropodiphora yupo kwenye familia hii.

Jenasi na spishi tofauti yake nini?

Kila mnyama ana jina la sehemu mbili. La kwanza ni la jenasi na linaanza na herufi kubwa, la pili ni la spishi na linaanza na herufi ndogo. Spishi ni viumbe wanaozaana wenyewe kwa wenyewe, hilo angalau unaweza kulipima kwa namna fulani. Jenasi ni ngumu zaidi. Jenasi ni kundi la spishi ambazo mtafiti anaamini zimetoka kwa babu mmoja na zinatofautiana vya kutosha na makundi mengine, na hilo neno "vya kutosha" halina kipimo, hakuna mashine ya kukuambia hapa jenasi moja imeisha nyingine imeanza. Kwa hiyo mtu anapotangaza jenasi mpya anatoa dai, anasema mimi naona huyu hana pa kwenda kwenye jenasi zote zilizopo na sababu zangu ni hizi hapa. Mtu mwingine ana haki ya kuzikagua hizo sababu na kukataa. Ukilishika hili mengine yote huko chini yataeleweka.

Mfano wa nyumbani ambao sio inzi: nyani kipunji wa nyanda za juu kusini Tanzania. 2005 alitangazwa kama spishi mpya kwenye jenasi ya zamani, akaitwa Lophocebus kipunji. Mwaka huo huo akapatikana mmoja aliyekufa kwenye mtego wa mkulima, wataalamu wakapata nyama ya kupima vinasaba na fuvu la kuangalia, wakakuta kwa vinasaba yuko karibu na nyani wa Papio kuliko na hao aliowekwa nao. 2006 akapewa jenasi yake, Rungwecebus, kutoka mlima Rungwe. Mnyama hajabadilika hata unywele, kilichobadilika ni ushahidi uliokuwepo mezani.

Huyo inzi wa Brazil alipatikanaje, na nani kasema ni jenasi mpya?

Aliyemwandika ni Brian Brown wa makumbusho ya historia ya asili ya Los Angeles, mtu ambaye ameshughulika na Phoridae karibu maisha yake yote ya kazi. Inzi mwenyewe alitoka msitu wa Amazon karibu na Manaus. Ni jike, ana urefu wa milimita 0.395. Inzi wa kawaida wa jikoni ana milimita 6 hivi, maana yake hawa ungewapanga kumi na tano kwenye mstari mmoja ndo wamfikie. Miguu yake ya mbele imevimba sana, miguu mingine imepungua, na mabawa ni madogo mno. Jina la jenasi linaeleza huo mguu mkubwa wa mbele na linaishia na phora kama zinavyoishia jenasi nyingi za familia hiyo, na arnoldi ni kwa ajili ya mcheza filamu Arnold Schwarzenegger sababu ya misuli yake.

Lakini kinachonivutia mimi sio jina, ni kulinganisha kazi hii na nyingine ya Brown huyo huyo. 2012 alitangaza inzi wa Thailand kutoka hifadhi ya Kaeng Krachan, ana milimita 0.4, wakati huo ndo akawa inzi mdogo kuliko wote wanaojulikana. Ungetegemea naye apewe jenasi mpya, kadogo hivyo, ka ajabu hivyo, bara jingine kabisa. Hakupewa. Brown alikuta anaingia vizuri kwenye Euryplatea, jenasi iliyotangazwa 1941 na Schmitz kwa ajili ya inzi wa Guinea ya Ikweta anayeshambulia sisimizi wa Crematogaster. Basi akaitwa Euryplatea nanaknihali, spishi mpya ndani ya jenasi ya zamani ya Kiafrika. Na kwa sababu yule ndugu yake wa Afrika alikuwa anajulikana anaishi kwa sisimizi, Brown akaweza kukisia huyu wa Thailand naye anafanya hivyo hivyo, pengine anamalizia kichwani kama wale wa Pseudacteon.

Hapo ndo unaona kazi ya jenasi. Ukimweka mdudu kwenye jenasi sahihi umeshapata makisio ya maisha yake bila kumwona porini hata mara moja. Ukimweka kwenye jenasi isiyo yake makisio yote yanakuwa ya uongo. Wa Brazil hakuwa na pa kuwekwa, na ndo maana kuhusu mwenyeji wake wanadhani tu ni sisimizi au mchwa, hiyo miguu ya mbele inaonekana ni ya kumng'ang'ania mwenyeji asidondoke.

Mmoja tu? Unaruhusiwa kutangaza jenasi nzima kwa inzi mmoja?

Unaruhusiwa. Sheria ya majina ya wanyama haitaki idadi, inataka mdudu mmoja anayeitwa holotaipu, yaani ndo mbeba jina. Yeyote duniani akibishana kuhusu Megapropodiphora arnoldi ni nani, jibu la mwisho ni yule jike mmoja kwenye mkusanyiko. Spishi ikiwa na wengine pamoja na holotaipu siku ya kuandikwa, hao wanaitwa parataipu, wanasaidia kuonyesha tofauti za ndani ya spishi lakini hawana mamlaka hayo.

Je ni busara? Hapo inategemea. Kwa inzi vimelea ukisubiri upate kumi utazeeka, hawa wapo wachache kwa asili yao maana hawawezi kuzidi wenyeji wao, na wengi tunawapata mmoja mmoja kwa mitego. Mimi naona kama tofauti ni kubwa na iko wazi, mmoja anatosha. Kama tofauti yenyewe ni unywele mmoja umekaa kulia badala ya kushoto, subiri, inawezekana huyo mmoja alizaliwa na kasoro.

Picha je? Simu za siku hizi zina kamera kali, kwa nini umuue?

Swali hili limeshagombanisha watu wazima. 2015 Stephen Marshall na Neal Evenhuis walitangaza spishi mpya ya inzi wa Afrika Kusini, Marleyimyia xylocopae, wa familia Bombyliidae ambayo nayo ni ya parasitoidi, kwa kutumia picha tu, hakuna mwili uliohifadhiwa popote. Sheria ilikuwa na mwanya unaoruhusu. Mwaka uliofuata mamia ya wataalamu wakasaini barua kupinga njia hiyo, na 2017 Tume ya Kimataifa ya majina ya wanyama ikatoa tamko la kuongeza mapendekezo: ukikosa mwili eleza kwa kina kwa nini umekosa.

Msimamo wangu: kwa nyani adimu mwenye watu wanaomlinda naelewa kabisa, hata kipunji alianza kwa picha. Kwa inzi, hapana. Picha haina sehemu za uzazi za kuchunguza, haina vinasaba, huwezi kuigeuza ukaangalia chini ya tumbo. Na inzi mmoja aliyekamatwa hautikisi msitu.

Kumwelezea ndo kufanyaje hasa? Naona watu wanasema "wameelezea jenasi mpya" kana kwamba ni kuandika insha.

Kwanza unapata mdudu. Njia kubwa ni mtego wa Malaise, uligunduliwa na Msweden René Malaise miaka ya 1930, ni hema la chandarua, mdudu akigonga ukuta anapanda juu kutafuta mwanga na juu kuna chupa ya spiriti. Njia nyingine, ambayo kwa vimelea ndo bora zaidi, ni kukusanya viwavi au mayai au wadudu wengine, unawalisha kwenye mifuko au makopo hadi atoke kipepeo au atoke inzi. Hii inakuchosha, kila siku unabadilisha majani na kusafisha vinyesi, lakini akitoka inzi humo umeshajua mwenyeji wake ni nani, na kwenye kimelea hilo ni nusu ya habari yote. Daniel Janzen na Winnie Hallwachs wameifanya kazi hii Guanacaste, Costa Rica, tangu 1978, wakifundisha wanakijiji wa pale wawe wataalamu wa kufuga viwavi, na maelfu kwa maelfu ya inzi wametoka kwenye hiyo mifuko.

Baada ya hapo unakaa na maikroskopu, na hapa ndo watu wengi wanakimbia. Unaangalia vipapasio vya kichwani vina vipande vingapi na kipi kirefu, nywele ngumu za kichwani na kifuani zimekaa wapi na zinaelekea wapi, mishipa ya bawa inakutana wapi, mguu wa nyuma una nywele safu ngapi, macho yana vinyweleo au ni matupu, tumbo lina unga wa rangi gani ukiliangalia kwa pembe. Kwa dume unakata mwisho wa tumbo unaloweka kwenye dawa ya kulainisha unachunguza sehemu za uzazi, maana spishi mbili zinaweza kufanana kwa kila kitu zikatofautiana hapo tu. Kwa Phoridae wadogo inabidi umweke kwenye kioo cha slaidi kabisa.

Halafu unaandika mambo mawili tofauti ambayo wanafunzi huwa wanayachanganya. Moja ni maelezo yote, kila kitu unachokiona. Jingine ni tofauti mahususi, yaani mambo machache yanayomtenga huyu na jenasi nyingine zote, na haya ndo moyo wa dai lako. Ili uyaandike lazima uwe umeziangalia hizo jenasi nyingine, sio kwa kusoma tu, mara nyingi ni kwenda kwenye droo za makumbusho au kuombea picha za holotaipu za zamani, nyingine ziliandikwa mwaka 1900 na kitu kwa mistari minne ya Kijerumani au Kilatini bila mchoro. Kazi inayochukua miaka ni hiyo. Kumwona kwamba ni wa ajabu kunachukua dakika, kuthibitisha kwamba hakuna mtu aliyeshampa jina mahali fulani miaka 120 iliyopita ndo kazi yenyewe.

Mwisho unaweka ufunguo wa utambuzi, maswali ya ndio na hapana yatakayomfikisha mtu mwingine kwenye jenasi yako. Kwa Afrika kusini mwa Sahara tuna bahati siku hizi, kuna kitabu kikubwa cha inzi wa eneo hili kilichohaririwa na Ashley Kirk-Spriggs na Bradley Sinclair, juzuu za kwanza zilitoka 2017 na kinapatikana bure, zamani ulikuwa unaokoteza makala moja moja.

DNA si ingemaliza ubishi wote?

Inasaidia mno, haimalizi. Tangu 2003 watu wanatumia kipande kifupi cha jeni iitwayo COI, herufi kama 650, kutenganisha spishi. Mfano unaowahusu inzi vimelea: kule Guanacaste kulikuwa na inzi wa jenasi Belvosia, kwa macho walikuwa spishi 20, na tatu kati yao zilionekana zinakula viwavi wa kila aina. Walipopima vinasaba, matokeo yakachapishwa 2006, spishi zikawa 32. Wale watatu wa kula kila kitu kumbe kila mmoja alikuwa kundi la spishi zinazofanana, na kila moja ina viwavi wake inaowachagua.

Ila kwa jenasi kipande hicho kifupi hakitoshi, ni kizuri kutenganisha ndugu wa karibu, sio kusema ukoo ulitengana lini na nani. Hapo unahitaji jeni nyingi zaidi pamoja na umbo. Na holotaipu ya mwaka 1910 iliyokaushwa kwenye pini mara nyingi haitoi vinasaba vya maana, kwa hiyo bado utarudi kwenye nywele na mishipa ya bawa.

Sheria za jina zikoje?

Kuna Kanuni ya Kimataifa ya majina ya wanyama, toleo la nne, linatumika tangu tarehe 1 Januari 2000. Ya muhimu kwa jenasi ni haya.

Majina yanahesabiwa kuanzia 1758, mwaka wa toleo la kumi la kazi ya Linnaeus, Msweden aliyeanzisha majina haya ya sehemu mbili. Aliyetangulia ndo mwenye haki. Jenasi yoyote iliyotangazwa baada ya 1930 lazima itajiwe spishi ya mfano, yaani spishi moja inayobeba jina la jenasi kama vile holotaipu inavyobeba jina la spishi. Kwa Megapropodiphora ni arnoldi, hana mwenzake hata hivyo. Siku ukiamua kuigawa jenasi mara mbili, jina linakwenda na upande wenye spishi ya mfano, hata kama upande huo una spishi moja na mwingine una hamsini.

Jina la jenasi haliruhusiwi kurudiwa popote katika wanyama wote. Sio kwa inzi tu, WOTE. Yule mnyama wa Australia mwenye miiba alipewa jina Echidna mwaka 1797, kumbe samaki aina ya mkunga alikuwa nalo tangu 1788, ikabidi leo aitwe Tachyglossus. Platypus vilevile, mende mdogo alimtangulia 1793 kwa hiyo yule mwenye mdomo wa bata akawa Ornithorhynchus. Herufi moja ikitofautiana inatosha kuwa jina jingine, na mimea ina kanuni yake hivyo kugongana na mmea sio kosa, ila ukweli ni kwamba ukitafuta vizuri utapata jina safi, usiwatese watu na majina yanayokaribiana.

Jina linaandikwa kwa herufi za Kilatini, na lina jinsia, kike, kiume au katikati, na jina la spishi likiwa kivumishi linafuata. Majina yanayoishia na myia ni ya kike ndo maana unaona Mormotomyia hirsuta na sio hirsutus. Lakini arnoldi halibadiliki sababu linamaanisha "wa Arnold", mwanamume mmoja anapata i, mwanamke ae.

Ukichapisha mtandaoni tu, tangu 2012 inakubalika, ila lazima kazi iwe imesajiliwa ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, na usajili utajwe ndani ya makala. Kusajili ni bure. Watu wamewahi kusahau hili na majina yao hayakuhesabika mpaka walipochapisha upya.

Naweza kutumia jina la Kiswahili? La mama yangu? La kwangu mwenyewe?

La Kiswahili ndio, lugha yoyote inaruhusiwa, kipunji lenyewe ni jina la wenyeji. La mama yako ndio, na mimi naona ni heshima nzuri. La kwako mwenyewe kanuni haikatazi moja kwa moja lakini hakuna anayefanya hivyo akabaki na heshima kwa wenzake. Ya watu maarufu yanaruhusiwa na yanasaidia magazeti yaandike, mimi sina tatizo nayo ilimradi maelezo yaliyo nyuma yake ni ya kweli.

Na maelezo lazima yawe ya Kiingereza?

Hapana! Hili naomba lisambae. Kanuni ya wanyama haijataja lugha ya lazima ya maelezo, inashauri tu uweke muhtasari kwa lugha inayosomwa na wengi. Ukiandika tofauti mahususi za jenasi mpya kwa Kiswahili, ukataja spishi ya mfano na holotaipu imehifadhiwa wapi, ukachapisha inavyotakiwa, jina linasimama kisheria. Ntafurahi sana siku nikiliona.

Yule inzi mwenye manyoya wa Ukasi, Kenya, naye ni kimelea?

Sio kimelea, ila naelewa kwa nini mnauliza. Mormotomyia hirsuta anafanana sana na inzi wa popo: miguu mirefu yenye manyoya, mabawa yamebaki vijipande visivyoruka, na anaishi kwenye ufa wa mwamba wenye popo. Alikusanywa 1933 kwenye kilima cha Ukasi upande wa barabara ya Thika kwenda Garissa, Austen wa London akamtangazia jenasi mpya 1936. 1948 akakusanywa tena, halafu kimya. Desemba 2010 Robert Copeland wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu Nairobi, na Kirk-Spriggs wakampata pale pale. Na uchunguzi ukaonyesha mabuu wanakula kinyesi cha popo, popo mwenyewe haguswi.

Nawaomba sana watu wanaoandika "jenasi mpya ya inzi vimelea" kwa kuangalia umbo tu wamkumbuke huyu. Miguu ya kung'ang'ania na kukosa mabawa ni dalili, sio ushahidi. Ushahidi ni buu kutoka kwa mwenyeji.

Sampuli zikitoka Afrika kwa nini holotaipu zinakaa Ulaya?

Sababu zilipelekwa zamani na watawala na wakusanyaji wao. Siku hizi Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu kugawana faida za rasilimali za kijenetiki, inafanya kazi tangu 2014, na kila nchi ina vibali vyake, utaanzia kwenye tume ya sayansi na teknolojia, Kenya ni NACOSTI, Tanzania COSTECH, na kibali cha kusafirisha sampuli ni kingine tena. Urasimu unachosha, najua. Lakini kanuni yenyewe inashauri holotaipu iwekwe kwenye taasisi inayoitunza na kumruhusu kila mtafiti kuiona, na Makumbusho ya Taifa Nairobi wana mkusanyiko mkubwa wa wadudu. Naamini kwa dhati kwamba jenasi ikipatikana kwetu, holotaipu ibaki kwetu na parataipu ziende nje. Mwanafunzi wa Kitui asiombe viza ili amwone inzi wa Kitui.

Jina likishatoka linaweza kufutwa?

Linaweza kuwa kisawe, ikigundulika jenasi yako ni ile ile ya mtu wa zamani. Au spishi inahamishwa: inzi aliyepewa jina la Beyoncé 2011 alikuwa Scaptia beyonceae, leo ni Plinthina beyonceae. Spishi ikihama, jina la aliyeitangaza linawekwa kwenye mabano, ukiona mabano basi jua kuna historia. Na yule inzi, kabla ya kupewa jina, alikuwa ameshakusanywa tangu 1981, miaka 30 anasubiri.

Haya yote yanamsaidia nini mkulima?

Mengi sana. Kiwavijeshi vamizi alipoingia Afrika 2016 swali la kwanza lilikuwa kuna mdudu gani wa kwetu anayemuua. Utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta Kenya inzi wa Tachinidae, Palexorista zonata, ndo parasitoidi mkuu aliyekuwa anatoka kwenye viwavi hao, kwa kiwango cha 12.5%. Kama huyo inzi asingekuwa na jina na jenasi, hiyo taarifa isingeunganishwa na chochote, kila kijiji kingekuwa kinasema "inzi fulani".

Na kutojua vizuri kuna hasara. Marekani walimleta Compsilura concinnata kutoka Ulaya mwaka 1906 kuua nondo waharibifu, kumbe anakula viwavi wa zaidi ya spishi 100, akawashambulia na nondo wakubwa wazuri wa hariri wa kule ambao hawakuwa na kosa. Kujua kwanza nani anakula nani, ndo uachie.

Nimefuga kiwavi katoka inzi badala ya kipepeo. Nifanye nini?

Usimtupe. Usimuue siku hiyo hiyo, mwache kama siku moja mwili ukauke na rangi ikamilike, halafu mweke kwenye friza. Hifadhi ganda la pupa alilotokea na mabaki ya kiwavi pamoja naye, kwenye kichupa kimoja. Piga picha ya kiwavi kama bado unayo, na ya mmea aliokuwa anakula. Andika kwa penseli, wino unayeyuka kwenye spiriti: mahali, ikiwezekana na namba za GPS, tarehe uliyomchukua kiwavi, tarehe inzi aliyotoka, mmea, jina lako. Kama wametoka wengi weka nusu kwenye spiriti kali ya asilimia 95 kwa ajili ya vinasaba, nusu wakaushwe. Halafu wasiliana na idara ya wadudu ya makumbusho au chuo kilicho karibu nawe kabla hujatuma chochote, na usivushe mpaka wa nchi bila kibali.